Aonjaye Kwanza

Gongoni, Tabora
Alasiri, siku moja kabla ya safari

Kwako Muzna, mwanangu, ambaye muda huu unafunga sanduku katika chumba cha pili huku mimi nikiwa hapa mezani nikijifanya ninaandika ripoti ya idara ya lishe,

Nimeichagua saa hii kwa makusudi. Jioni nyumba itajaa shangazi zako na majirani, Bibi atataka kukusomea dua, na baba yako atarudi kutoka zamu yake kwenye treni ya Kigoma akiwa na usingizi mwingi na maneno mengi zaidi. Mimi si hodari wa kusema mbele ya watu wanaolia. Kuandika ndiko ninakokumudu; ndiko nilikosomea, na ndiko kunakonipa tumaini kwamba siku moja meza ya mkuu wa idara itakuwa yangu. Kwa hiyo nivumilie nikuandikie kwa mpangilio, kama ninavyowaandikia wakubwa zangu, japokuwa wao sijawahi kuwaandikia huku nikisikia wanavyoburuta sanduku sakafuni.

Sitakueleza habari za sweta, wala za kuswali kwa wakati, wala za kutotembea na watu usiowajua. Bibi amekwisha kuyasema hayo yote, na kesho stesheni atayarudia. Ninataka kulijibu swali moja tu, lile uliloniuliza jana jikoni.

Uliingia umelishika lile kopo la kahawa alilokuletea rafiki yako Tausi jioni moja wiki iliyopita. Ukalifungua, ukanionyesha vidonge vidogo vya rangi ya kijani kilichoiva karibu na weusi, vikinukia kama nyasi zilizolowa. Ukasema, "Mama, nivichukue au nisivichukue?" Nikakujibu kwamba nitafikiri. Ukacheka: "Mama, wewe na kufikiri! Treni inaondoka keshokutwa."

Sasa nimefikiri.

Ninafahamu uzito wa swali lako. Daktari aliyekupima kwa ajili ya ufadhili wa masomo alituambia waziwazi kwamba damu yako ni pungufu. Ametia sahihi kwa sharti kwamba upimwe tena huko Japani baada ya muhula wa kwanza, na damu ikiwa imezidi kushuka, utarejeshwa nyumbani. Mitambo ya kusokota nyuzi uliyoitamani tangu ulipoiona pamba ikipakiwa kwenye mabehewa utabaki kuisoma katika picha. Ndipo akaja Tausi, ambaye kaka yake amerejea kutoka huko, akakueleza habari ya mwani: mmea wa majini usio na mzizi wala jani, unaofugwa katika madimbwi, ukakaushwa na kugandamizwa ukawa vidonge. Akakuambia kwamba mwenye kuvimeza hupata damu, nguvu na ngozi nyororo, na kwamba vikikuishia yupo rafiki wa kaka yake anayewauzia wanafunzi wenzake bwenini, kwa kupima, katika mifuko ya plastiki, kwa bei ambayo dukani huipati.

Sikucheka, Muzna, na wala sikusema kwamba Tausi ni mjinga. Mtu wa mwisho katika mkoa huu mwenye haki ya kuucheka utando wa kijani ni mimi. Unalijua jina la utani nililopewa kwa sababu yake na watoto wa mtaa huu kwa mwaka mzima. Lakini kisa chenyewe umekisikia kwa vipande, kwa midomo ya shangazi zako, kila mmoja akiongeza chumvi yake. Leo nakuandikia jinsi kilivyokuwa, maana jibu langu limo humo ndani.

Yanibidi nianzie dukani kwa babu yako.

Hukuwahi kulijua duka lile lilipokuwa limeshiba, lenye mapipa ya asali upande mmoja na mabonge ya nta upande wa pili. Wazee wetu waliletwa hapa Unyanyembe na misafara, na kilichowabakiza ni biashara. Katika njia ile ya misafara mpagazi alinunua chakula kando ya barabara kwa mtu ambaye hakumjua jana na hatamwona kesho. Ndiyo sababu ikawa kanuni kwamba muuzaji aonje kwanza, mbele ya macho ya mnunuzi. Waliiita kuondoa uchawi. Misafara ikaisha, reli ikaja, hata bendera ikabadilika, lakini katika duka la Babu kanuni ile haikubadilika. Nilikuwa nikitoka madrasa ya asubuhi, ninakaa juu ya gunia, ninasikiliza.

"Mzee Nasoro, ondoa uchawi kwanza!"

"Uchawi niutoe wapi, bwana, na nyuki nimewaacha msituni?"

"Onja, mzee, usinicheleweshe."

"Haya, Bismillahi. Lakini nikiwaonjea wote mpaka Magharibi nitabaki na pipa tupu na kinywa kisicho na meno."

"Meno ya nini kwa mtu wa asali? Lamba, mzee!"

Naye analamba, watu wanacheka, kibuyu kinajazwa. Nilikua nikiamini kwamba kuonja ndicho kipimo. Nilikwenda chuo kikuu nikiwa mtu mzima mwenye mtoto, nikajifunza kupima protini na mafuta na maji katika chakula kwa vyombo vya kioo, nikarudi na shahada yangu. Na imani ile ya juu ya gunia ilikuwa bado ipo mahali pake, haijaguswa na somo lolote.

Wewe ulikuwa darasa la tatu idara iliponipeleka kijijini Choma. Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika katika kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari, shamba la pamba la pamoja limelimwa, na lambo limechimbwa kwa mikono yao wenyewe. Mvua za mwaka ule zilikuja vibaya. Kunde zilikauka zikiwa na maua. Katika kituo cha kulelea watoto niliwakuta wadogo wenye nywele nyekundu na miguu iliyovimba, ugonjwa ambao nilikuwa nimeuandikia mtihani na kupata alama za juu. Kuuona ni jambo jingine.

Nilikuwa nimesoma chuoni kwamba kando ya Ziwa Chadi wapo akina mama wanaokusanya ukijani wa majini, wanauanika mchangani ukawa kama mikate, kisha wanautia katika mchuzi, na watoto wao wanapata nguvu. Nilipofika kwenye lambo la Choma nikaukuta utando wa kijani umetanda ukingoni, mzito kama rangi ya mlango. Muzna, sikuuona utando. Niliona chakula cha bure kikielea. Niliwaona watoto wale wamenona, na nitakuwa mkweli, nilijiona na mimi nimesimama kando ya mgeni rasmi, nikieleza kwa ufasaha, na mgeni akiuliza, "Huyu binti ni nani?" Viwili hivyo niliviona kwa pamoja, na sikuweza kutambua ni kipi kilichokuwa kinanisukuma.

Nikaandika pendekezo. Likasifiwa. Siku ikapangwa, na mgeni akaahidi kuja kutoka mjini.

Akina mama hawakupendezwa. Tuliuchuja utando ule kwa kanga, tukauanika juu ya mikeka, tukausaga, na wakati wote huo yupo mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe ambaye hakuchoka kunitania, akiniita Mayu, yaani mama kwa lugha yao.

"Mayu, hii tunayoisaga si kamasi ya lambo?"

"Ni chakula, mama. Kina nguvu kuliko maharage."

"Na kwenu mjini mnakula?"

"Bado. Tutaanza."

"Aa, kumbe mmetuachia sisi tutangulie! Basi siku hiyo anza wewe. Uondoe uchawi."

Wenzake wakaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao, kwa sababu neno lile lilikuwa la nyumbani kwetu. Nilijua la kufanya. Ningekuwa binti wa Mzee Nasoro mbele ya kijiji kizima.

Siku ilipofika, uji ulipikwa katika sufuria kubwa ya kituo, ukatiwa unga ule wa kijani. Mgeni alikaa kivulini, watoto walipangwa mstari na vikombe vyao. Nikachota bakuli zima. Sikulamba kama Babu; nilikunywa lote, nikalipindua bakuli lionekane halina kitu. Vigelegele vikapigwa. Yule mama mnene akapaza sauti, "Haya, hakuna uchawi tena! Leteni vikombe!" Na hapo ndipo penye jambo ambalo watu wasio wa kwetu wasingelielewa. Kabla sijaonja, mama yeyote angeweza kumshika mtoto wake mkono akaondoka naye. Baada ya kuonja, hakuna aliyeweza. Kukataa chakula ambacho mwenyewe amekionja ni kumwita mchawi usoni. Kwa bakuli moja niliwafunga midomo akina mama wote wa Choma.

Kilichowaokoa watoto wale ni mwenyekiti wa kijiji. Aliinuka, akaweka kofia sawa, akasema, "Kabla watoto hawajala, ninayo maneno machache."

Maneno yake machache yalianza na jinsi walivyohamia. Yakapita kwenye kuchimba lambo, yakamtaja kila aliyeshika jembe na wawili watatu waliokwepa. Yakaingia katika pamba, na bei ya pamba, na lori la pamba lililochelewa. Watoto wakachuchumaa. Vikombe vikawekwa chini. Mimi nilikuwa nikimtazama mgeni anavyoitazama saa yake, nikimwomba Mungu amnyamazishe mzee yule, maana alikuwa ananiharibia siku. Dua yangu hiyo haikukubaliwa, na kila ninapoikumbuka ninashukuru.

Alikuwa bado kwenye lori nilipohisi mdomo umejaa maji. Kisha tumbo likakunjika kama nguo inayokamuliwa. Nikajiambia ni wasiwasi. Likakunjika tena, na nikaelewa. Na wakati ule ule mwenyekiti akasema, "Basi sasa watoto wapewe," na msaidizi wa kituo akazamisha upawa.

Nilikuwa na njia mbili, mwanangu. Ningeweza kunong'ona kwamba tusubiri kidogo, nikatafuta sababu ya heshima, nikailinda siku yangu. Nakuambia kweli kwamba wazo hilo lilinipitia, likanikalia kwa muda wa pumzi moja. Kisha nikainuka, nikaenda mpaka kwenye mafiga, nikaisukuma ile sufuria kwa mguu ikapinduka. Uji wa kijani ukatiririka mpaka kwenye viatu vya mgeni. Ndipo nikaanguka na kutapika mbele ya watu wote, na yule mama mnene akaja kunishika kichwa, akisema, "Pole, Mayu, pole. Uchawi umekubali kutoka."

Sehemu inayofuata unaikumbuka. Nililetwa na Landrova ya idara, wewe ukashika beseni. Siku kadhaa nilikuwa mtu wa kitandani, ngozi imefifia na macho yamegeuka manjano. Barua ya kupandishwa cheo niliyokuwa nikiitarajia haikuja mwaka ule wala uliofuata.

Babu alikuja kunitazama. Akavuta kiti, akakaa na fimbo yake katikati ya magoti.

"Uliionja?"

"Niliionja, Baba. Bakuli zima, kama tulivyozoea dukani."

"Kama mlivyozoea. Na ulidhani pale dukani mimi nilikuwa napima asali?"

"Kumbe ulikuwa unafanya nini?"

"Asali nilikwisha kuipima tangu kwa warina. Ninajua pori lake, ninajua mzinga, ninajua aliyepanda mtini. Kulamba mbele ya mteja ni jambo jingine. Ni kumwambia: mimi ndiye Nasoro, na duka langu ni hili, na kesho ukiumwa utanikuta papa hapa."

Akanyanyuka, akaniwekea mkono kichwani. "Wewe hukupima, binti yangu. Lakini ulipoumwa hukujificha, ulibaki papo hapo mbele yao. Hiyo nusu umeijua."

Nusu ya pili niliijua baadaye kwa mwalimu wangu wa chuoni, nilipompelekea chupa ya maji ya lambo. Alinieleza kwamba kijani si kimoja. Ule wa Chadi ni wa aina yake, unaota katika maji ya magadi, na wanaouvuna wanaujua kwa vizazi. Katika maji yaliyotuama kama ya lambo huota aina nyingine zinazofanana nao kwa macho, na baadhi yake hubeba sumu inayoua hata ng'ombe. Kuchemsha hakuiondoi. Na hata mwani ulio mwema, alisema, hunywa kilichomo ndani ya maji yake. Dimbwi likiwa na taka ya kiwandani au madini mabaya, mmea utayakusanya na kukuletea mezani ukiwa na sura ileile nzuri. Ladha haikuambii. Harufu haikuambii. Aliyemeza na kukaa salama kwa saa moja hakuambii.

Kwa hiyo, Muzna, huko uendako usiulize nani amevimeza akapona. Watakuwepo wengi, na watakuwa wakweli. Uliza ni maji gani. Uliza ni nani aliyefuga, na kama jina lake limeandikwa juu ya chombo pamoja na mahali pake na siku ya kutengenezwa, na kama chombo kimefungwa na mwenyewe au kimefunguliwa njiani na mkono wa tatu. Hutaweza kusoma maandishi yao mwanzoni. Usione haya kumwomba mwenzako wa darasani akusomee, hata akicheka. Mimi nimechekwa na mkoa mzima na bado ninakula. Rafiki wa kaka yake Tausi anaweza kuwa kijana mwema kabisa. Lakini akishavitoa vidonge kwenye chupa akavipima katika mfuko, amekata uzi uliokuunganisha na aliyevitengeneza. Naye mwaka ujao atamaliza masomo, atapanda ndege, na mlango wa chumba chake utafunguliwa na mtu mwingine.

Najua bei ndiyo itakayokuvuta. Posho ya mwanafunzi ni nyembamba, na mtu aliye mbali na kwao hujiona mjanja akipata kitu kwa nusu ya thamani. Mimi ni mjanja wa namna hiyo. Ulipokuwa mdogo na damu yako ilipoanza kusumbua, nilinunua stesheni, kwa mchuuzi, chupa kubwa ya dawa nyekundu ya kuongeza damu. Ilikuwa rahisi na ilikuwa nyingi, na wewe uliipenda mno kwa sababu ilikuwa tamu. Ukaimaliza, tukanunua nyingine. Rangi yako haikubadilika. Mwisho nikakupeleka zahanati, na mganga akagundua minyoo, akakupa dawa ya minyoo isiyogharimu chochote, na miezi michache baadaye ukawa unakimbizana na watoto wa jirani juu ya reli. Chupa zote zile zilikuwa sukari na rangi. Urahisi wake ulikuwa ghali kwa sababu ulinichelewesha. Nilikuwa ninaimwagia maji ndoo iliyotoboka na kujisifu kwamba maji nimeyapata kwa bei nafuu.

Ndiyo maana ningependa uanze kwa daktari wa chuo, kabla ya duka lolote. Mwambie ukweli kuhusu damu yako, usimfiche kwa kuogopa kwamba atakuandikia vibaya. Najua utatamani kumficha. Yule atakayekupima baada ya muhula hawi adui yako ukimfanya mshirika wako tangu wiki ya kwanza. Muulize damu inapungua kwa nini. Akikupa vidonge vya madini ya chuma, meza hivyo kwanza, hata kama havina hadithi nzuri ya kusimulia. Na ukitaka mwani juu ya hayo, mwambie jina lake na mwonyeshe chombo. Akiridhika, nunua chupa ndogo kuliko zote katika duka ambalo utalikuta tena mwezi ujao, kisha uusikilize mwili wako. Ukiona tumbo linakukataa au ngozi inawasha, acha siku hiyohiyo, usiseme ni hasara kutupa. Na kamwe usipunguze sahani yako ili ununue kidonge. Maharage na samaki na mboga za majani vipo kila nchi yenye watu. Bibi amekufungia nsansa, ile mboga ya majani makavu, katika kitambaa cheupe chini ya viatu, na ninajua huipendi, na ninajua pia kwamba utakapokuwa mbali utakuja kuitafuta kwa machozi.

Kwa muda mrefu nilidhani kosa langu la Choma lilikuwa ujinga. Sivyo. Elimu nilikuwa nayo, na njia ya kupeleka chupa kwa mwalimu ilikuwepo kabla ya sherehe kama ilivyokuwepo baada yake. Nilichokosa ni subira ya kungoja jibu wakati nilikuwa ninalitaka sana. Walionizunguka walikuwa na njaa, na mimi nilikuwa na njaa ya namna yangu, na mwenye njaa hukiona chakula katika kila kilicho kijani. Wewe nawe una njaa sasa, Muzna. Unataka damu yako ipande kabla ya kipimo. Ninakuomba tu uitambue njaa hiyo unapokuwa umesimama mbele ya muuzaji, uiite kwa jina lake, halafu ndipo uulize bei.

Jibu langu ni hili, basi. Kopo la Tausi libaki Tabora. Asubuhi hii ulipokwenda sokoni na Bibi nilifungua sanduku lako, nikalikuta umekwisha kulitia, nikalitoa nikaliweka kabatini jikoni, na mahali pake nimeweka bahasha yenye fedha za kigeni kidogo ambazo baba yako alizihangaikia kwa njia halali na kwa kibali. Ni za chupa ile ndogo yenye jina la mwenyewe, daktari akikubali. Asipokubali, nunua samaki. Tausi mshukuru kwa barua nzuri, maana amekupenda.

Najua utakwenda kabatini kulitazama kopo, kwa kuwa wewe ni mwanangu na hukubali jambo bila kulikagua. Utaona limepungua. Usimshuku mtu. Tangu jioni ile Tausi alipolileta, nimekuwa nikimeza vidonge viwili kila siku baada ya chakula, nikijifungia jikoni kama mtoto anayeiba sukari. Sijambo. Na hilo, kama ulivyosoma katika kurasa hizi zote, halithibitishi kitu. Hata Choma nilikuwa sijambo mpaka mwenyekiti alipofika kwenye lori. Mimi ndiye ninayekwenda vijijini kuwakataza watu mambo kama hayo. Nikiulizwa na wakubwa zangu, sitakuwa na la kujitetea.

Lakini ni mila ya kwetu, na sikuweza kuandika neno juu ya kitu ulichotaka kukitia kinywani kabla sijakitia kinywani mwangu. Kupima, mwanangu, utapima mwenyewe, kwa macho yako na kwa maswali yako, na utaweza. Mimi nimeonja tu. Duka ni hili hapa Gongoni, na kesho treni itakapokuwa imepinda na usinione tena, na siku yoyote utakayoumwa, utanikuta papa hapa.

Mama yako